Mistari Mingi katika Grafu Moja: Kutoka Kina cha Ziwa Victoria hadi Uigaji wa Saketi

Grafu yenye mstari mmoja husomeka bila shida. Kazi huanza pale mistari miwili, mitano au minane inapowekwa kwenye mihimili ileile, kila mmoja ukiwa na kipimo chake, sifuri yake na kasi yake ya kubadilika. Fundi wa elektroniki anayeiga saketi kwa kompyuta hukutana na hali hiyo kila anapotaka kuona kwa pamoja volti inayoingia, volti inayotoka na mkondo unaopita kwenye transista. Ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Jinja na Kisumu hadi Mwanza na mwambao wa Magu kwenye Ghuba ya Speke, una historia ndefu ya tatizo hilohilo. Ziwa hili limepimwa tangu mwaka 1896, na watu tofauti, kwenye bandari tofauti, kwa mbao za vipimo zenye sifuri tofauti. Mbinu nyingi zinazopatikana leo kwenye programu za saketi zina wenzake katika kazi ya wapimaji wa ziwa, na makosa mengi yanayofanywa leo mbele ya skrini yalikwisha kufanyika zamani juu ya karatasi ya miraba.

Kuchora mistari miwili pamoja ni jambo la kale kuliko vipimo vya ziwa. Mwaka 1786 Mskochi William Playfair alichapisha kitabu cha grafu za biashara ya Uingereza, na ndani yake mstari wa bidhaa zilizoingia na ule wa bidhaa zilizotoka ilipita kwenye karatasi moja, nafasi ya katikati ikionyesha kama taifa limepata au limepoteza. Playfair alikuwa na bahati: mistari yote miwili ilihesabiwa kwa pauni na ilianzia sifuri moja. Msomaji aliyeona mstari mmoja uko juu ya mwingine alikuwa na haki ya kusema kwamba kiasi kimoja ni kikubwa kuliko kingine. Haki hiyo hupotea mara tu vipimo au sifuri zinapotofautiana, na kwenye Ziwa Victoria zilitofautiana tangu siku za mwanzo.

Vipimo vya mwaka 1896 vilianza upande wa Uganda chini ya utawala wa Waingereza. Chombo chenyewe kilikuwa ubao wenye alama, umesimikwa majini mahali palipo na utulivu wa mawimbi, na mtu wa kuusoma na kuandika namba kwenye daftari. Vituo vikaongezeka kadiri bandari zilivyokua: Entebbe, Kisumu, Jinja. Upande wa kusini, uliokuwa chini ya Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza na baadaye chini ya Waingereza, Mwanza, Musoma na Bukoba nazo zikawa na vipimo vyake. Hakuna aliyetembea na dira na darubini ya upimaji kuzunguka ziwa lote ili sifuri ya kila ubao iwe kwenye usawa mmoja. Ubao uliwekwa pale palipofaa, na sifuri ikawa pale ubao ulipoanzia. Sifuri ya Jinja, ambayo ndiyo iliyokuja kutumiwa zaidi, iko takriban mita 1,122.9 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mita 12 za Jinja ni sawa na uso wa ziwa ulio kwenye mita 1,134.9 hivi. Mita 12 za kituo kingine hazikulazimika kuwa na maana hiyo.

Mtu akichukua madaftari ya vituo vinne na kuyachora kama yalivyo, anapata mistari minne inayopanda na kushuka kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine, kana kwamba ziwa limeinama. Nafasi kati ya mistari hiyo haina maana yoyote; ni tofauti ya sifuri tu. Akizirekebisha namba zote zianzie usawa mmoja wa bahari, mistari hukaribiana hadi inakuwa mstari mmoja mnene, kwa sababu wastani wa mwezi wa kina cha ziwa hautofautiani sana kati ya pwani moja na nyingine. Sasa ukweli umepatikana lakini hakuna kinachoonekana: Mwanza imefunikwa na Kisumu, Kisumu imefunikwa na Jinja. Hapa ndipo kiini cha tatizo lote kilipo, kwenye ziwa na kwenye saketi. Mistari inapaswa kukaa pamoja ili ilinganishwe, na inapaswa kutengana ili itambulike.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kusogeza kila mstari juu kwa kiasi kinachojulikana, kwa mfano nusu mita kwa kila kituo, na kuandika kiasi hicho waziwazi pembeni mwa grafu. Tofauti yake na madaftari ghafi ni kubwa: huko nafasi ilitokea kwa bahati, hapa imewekwa kwa makusudi na msomaji ameambiwa. Njia ya pili ni kuchora kituo kimoja kikamilifu, kisha chini yake kuchora tofauti kati ya kituo hicho na kila kimoja cha vingine, kwa kipimo kilichokuzwa cha sentimita. Grafu ya tofauti hufichua mambo ambayo grafu ya jumla haiwezi kuyaonyesha. Upepo wa ziwa unaovuma kuelekea nchi kavu mchana na kurudi usiku husukuma maji kidogo kuelekea pwani moja na kuyapunguza pwani ya pili, na kwenye ghuba zenye kina kifupi kama ya Speke athari hiyo huonekana kwa urahisi zaidi. Tofauti ya namna hiyo huja na kuondoka. Lakini tofauti ikiruka ghafla kwa sentimita kadhaa na kubaki huko miaka yote inayofuata, ziwa halikufanya hivyo. Ubao umehamishwa, umezama kwenye tope, au umebadilishwa na mpya.

Somo gumu zaidi kuhusu mistari miwili lilitolewa mwaka 1923. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alichapisha uchunguzi kuhusu mabadiliko ya kina cha maziwa Victoria na Albert, na humo aliweka takwimu za Ziwa Victoria tangu 1896 sambamba na hesabu ya madoa ya jua, yale maeneo meusi yanayoongezeka na kupungua kwenye uso wa jua kwa mzunguko wa takriban miaka 11. Uwiano ulikuwa wa kustaajabisha. Ziwa lilipanda mwaka 1906, na jua lilikuwa na madoa mengi. Lilipanda tena 1917, na jua lilikuwa kwenye kilele. Mwaka 1923 ziwa lilishuka sana, na madoa yalikuwa machache. Kwa serikali za Sudan na Misri, zilizotegemea maji ya Mto Naili, jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa: kama jua linaongoza ziwa, basi mafuriko na ukame vinaweza kutabiriwa miaka kadhaa mapema.

Kina cha ziwa hupimwa kwa mita na madoa ya jua huhesabiwa kwa idadi, kwa hiyo grafu ya vitu hivyo viwili lazima iwe na mhimili mmoja wa wima kushoto na mwingine kulia. Mchoraji wa grafu ya namna hiyo ana uhuru mkubwa. Anaamua mhimili wa kushoto uanzie wapi na uishie wapi, na wa kulia vivyo hivyo, na kwa maamuzi hayo manne anaweza kuifanya mistari yoyote miwili inayopanda na kushuka ikumbatiane. Kukumbatiana huko hakuthibitishi lolote. Brooks hakudanganya; alikuwa na hesabu za uwiano pamoja na miaka 27 ya vipimo, na uwiano ulikuwepo kweli. Lakini miaka 27 ni mizunguko miwili na nusu tu ya jua, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 mistari ikaachana. Pigo kubwa lilikuja mwaka 1964: ziwa lilifikia kilele cha juu kuliko vyote vilivyokwisha kupimwa katika mwaka uleule ambao madoa ya jua yalifikia kiwango chake cha chini. Hata hivyo suala halikufungwa moja kwa moja. Mwaka 2007 J. Curt Stager na wenzake walilirudia, safari hii wakichunguza vipindi vya mvua nyingi vinavyotangulia kidogo vilele vya madoa, na wakadai kwamba uhusiano upo ingawa si ule uliochorwa mwanzo.

Sababu mojawapo ya ugumu wa kulisoma ziwa ni kwamba lina tabia ya saketi yenye kumbukumbu ndefu. Mvua na mito ni mkondo unaoingia. Eneo la kilomita za mraba takriban 68,800 ni kapasita inayohifadhi. Mlango wa Jinja, ambako mwamba wa maporomoko ya Ripon ulikuwa ukizuia maji yasitoke kwa kasi, ni rezista. Kina kinafanya kazi ya volti, na Mto Naili ndio mkondo unaotoka. Rezista hii haina thamani moja: kadiri ziwa linavyopanda ndivyo maji yanavyopita kwa wepesi zaidi. Kanuni iliyotokana na vipimo vya Jinja husema: chukua usomaji wa ubao kwa mita, toa 7.96, pandisha jibu kwa kipeo cha 2.01, zidisha kwa 66.3, na unapata mita za ujazo kwa sekunde. Kwenye mita 11 hutoka takriban 620, kwenye mita 12 takriban 1,100, na kwenye mita 13 zaidi ya 1,700. Uvukizi huchukua maji mengi kuliko mto wenyewe, lakini haubadiliki sana kwa kupanda au kushuka kwa mita moja.

Kutokana na namba hizo kasi ya ziwa inaweza kukokotolewa. Karibu na mita 12, kila mita inayoongezeka huongeza mtiririko kwa mita za ujazo 540 hivi kwa sekunde, yaani kilomita za ujazo 17 kwa mwaka. Mita hiyohiyo ikitandazwa juu ya ziwa lote ni kilomita za ujazo karibu 69. Sitini na tisa kwa kumi na saba ni miaka minne: ndio muda ambao ziwa huhitaji kusahau karibu theluthi mbili ya maji yaliyozidi. Mvua, kwa upande wake, hupanda na kushuka mwezi kwa mwezi kwa masika na vuli. Ukichora mvua na kina kwenye nafasi moja, meno ya mvua yanaufunika mstari mlaini wa kina, kama ambavyo ishara ya kasi kwenye saketi huufunika mstari wa kapasita inayojaa polepole. Dawa yake ni kugawa grafu katika vidirisha vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mhimili wake wa wima, vyote vikitumia mhimili mmoja wa wakati. Jicho likishuka wima kutoka kwenye mvua ya Novemba hadi kwenye kina cha Mei linaona chanzo na matokeo bila mistari kugongana.

Wahandisi wa umeme walikuwa wakihangaika na jambo lilelile kwa upande wao. André Blondel alitengeneza oskilografu yake mwaka 1893, na miaka michache baadaye William Duddell akaitengeneza ile iliyoweza kupiga picha ya volti na mkondo kwa pamoja kwa vioo vidogo vinavyotikisika. Mwaka 1897 Ferdinand Braun alitoa bomba la miale, mama wa oskiloskopu zote za skrini. Bomba la mwale mmoja huchora mstari mmoja, kwa hiyo ili kuonyesha ishara mbili oskiloskopu ilifundishwa hila mbili. Kwa hila ya kupokezana, mwale huchora ishara ya kwanza kutoka kushoto hadi kulia, kisha hurudi na kuchora ya pili. Kwa hila ya kukatakata, mwale huruka kwa kasi kati ya ishara mbili ndani ya safari moja, ukiacha vipande vidogo vinavyoonekana kama mistari kamili. Kila hila ina hatari yake. Katika kupokezana, ishara mbili zinazoonekana zimetokea pamoja huenda hazikutokea pamoja, kwa kuwa kila moja ilipigwa katika safari yake. Ni hatari ileile ya kuchora wastani wa mwezi wa Entebbe dhidi ya usomaji wa siku moja wa Mwanza: mhimili wa wakati ni mmoja kwenye karatasi, lakini wakati wenyewe si mmoja.

Tukirudi ziwani, Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954, chini kidogo ya maporomoko ya Ripon, na mwamba uliokuwa ukiongoza maji kwa maumbile ukakoma kufanya kazi hiyo. Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba bwawa liachilie maji kana kwamba mwamba bado upo, kwa kufuata kanuni ya Jinja iliyotajwa hapo juu. Tangu hapo grafu ya Jinja ina mistari miwili ya mtiririko: maji yaliyoachiliwa na maji ambayo kanuni ilitaka yaachiliwe. Kwa miongo mingi mistari hiyo ilifuatana kwa karibu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuikodolea macho. Wakati huohuo hesabu za bonde zima zilikuwa zinahamia kwenye mashine. Ripoti ya mpango wa Bonde la Naili ya H. A. Morrice na W. N. Allan ya mwaka 1958 ilitumia kompyuta ya IBM kukokotoa uhifadhi wa maji kutoka maziwa ya juu hadi Misri, kazi ambayo kabla ya hapo ingechukua makarani wengi na miezi mingi.

Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa mwaka 1961. Kati ya hapo na katikati ya 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Kwenye ufuo wenye miamba kama wa mjini Mwanza mita mbili ni gati kufikiwa na maji. Kwenye mwambao tambarare wa Magu, ambako Mto Simiyu huingia Ghuba ya Speke kupitia mbuga na majaruba, mita mbili za wima ni mwendo mrefu wa kuingia nchi kavu. Tukio hili liliwasumbua pia wachora grafu. Mstari uliokuwa umekaa chini ya mita 12 kwa zaidi ya nusu karne ulipita mita 13, na mihimili iliyopimwa kwa ajili ya zamani haikutosha. Mwaka 1967 ulianza mradi wa Umoja wa Mataifa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa kupima maziwa Victoria, Kyoga na Albert, ukishirikisha Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na Misri. Mradi ulisimika vituo vipya na vyombo vinavyojiandikia vyenyewe: boya linaelea ndani ya kisima, waya unavuta kalamu, kalamu inaandika juu ya karatasi iliyoviringishwa kwenye ngoma inayozungushwa na saa. Karatasi isipobadilishwa siku yake, ngoma huendelea na mzunguko wa pili, na wino wa wiki mpya hupita juu ya wino wa wiki iliyopita kwa rangi ileile. Anayeisoma karatasi hiyo ofisini hana njia ya kujua mstari upi ni wa wiki ipi, isipokuwa mtunza kituo awe ameandika tarehe na mshale mahali kalamu ilipoanzia.

Mwaka 1973 Laurence Nagel na Donald Pederson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza programu ya kuiga saketi iitwayo SPICE. Kompyuta za wakati huo zilitoa majibu kwa mashine ya kuchapa isiyojua kuchora, na SPICE ilitengeneza grafu kwa herufi. Wakati ulitembea kutoka juu ya karatasi kwenda chini, na thamani zikasambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Amri moja ya grafu iliweza kubeba hadi ishara nane, kila moja ikipewa alama yake: nyota kwa ya kwanza, jumlisha kwa ya pili, alama ya usawa kwa ya tatu, na kadhalika. Pale ishara mbili zilipokutana kwenye nafasi moja, programu haikuficha mojawapo chini ya nyingine. Iliandika herufi X ili mtumiaji ajue kwamba hapo kuna zaidi ya mstari mmoja. Huo ulikuwa uaminifu wa hali ya juu, na grafu nyingi za rangi zilizokuja baadaye haziufikii, kwa kuwa zenyewe huchora mstari wa mwisho juu ya wa kwanza na kunyamaza. SPICE pia iliweza kutumia kipimo zaidi ya kimoja kwenye karatasi moja pale thamani zilipopishana mno, ili mkondo wa miliampea usilale kama uzi kwenye sifuri kando ya volti 12.

Skrini za miaka ya 1980 na 1990 zilileta rangi, vidirisha na mihimili ya ziada. Toleo la tatu la SPICE kutoka Berkeley lilikuja na sehemu ya kuchora kwa mazungumzo. Programu ya PSpice ikawa na dirisha lake la kutazamia mawimbi. Na LTspice ya Mike Engelhardt, iliyotolewa bure na kampuni ya Linear Technology, huweka volti kwenye mhimili wa kushoto na mkondo kwenye wa kulia bila kuambiwa. Msaada huo ni mzuri na unarudisha uhuru wa Brooks kwenye mikono ya kila mwanafunzi: volti na mkondo vinavyokatana kwenye skrini havikutani popote kwenye saketi. Katika programu ya ngspice, mtumiaji anaweza kuandika ishara ya pili jumlisha 6 na ya tatu jumlisha 12, na mistari inapangwa ngazi kwa ngazi bila kugusana. Ni ule mpango wa nusu mita kwa kila kituo cha ziwa, na una sharti lilelile: kiasi kilichoongezwa kiandikwe, la sivyo msomaji atadhani saketi inatoa volti 12 ambazo hazipo. Kwa rangi, tatizo ni wanaoziona kwa shida nyekundu na kijani, pamoja na mashine ya kutoa nakala inayogeuza rangi zote kuwa kijivu. Masataka Okabe na Kei Ito wa Japani walipendekeza kundi la rangi nane zinazotofautika hata kwa macho hayo. Mstari wa vitone na mstari wa vipande hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi.

Kati ya 2003 na 2006 ile mistari miwili ya Jinja iliyokuwa imelala pamoja ilitengana mbele ya macho ya dunia. Kituo cha pili cha umeme, Kiira, kilikuwa kimeanza kazi mwaka 2000 kando ya kile cha zamani cha Owen Falls, mvua zikapungua, na maji yaliyoachiliwa yakazidi yale ya kanuni. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi chini ya mita 10.6 za Jinja, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1923. Kwenye kina hicho kanuni huruhusu mita za ujazo 460 hivi kwa sekunde. Mwanzoni mwa mwaka huo Daniel Kull alichapisha uchambuzi uliogawanya lawama: zaidi kidogo ya nusu ya kushuka ilitokana na bwawa, iliyobaki na ukame. Nguvu ya hoja yake ilikuwa kwenye mstari wa tatu, kina ambacho ziwa lingekuwa nacho kama kanuni ingefuatwa. Mwaka 2007 J. V. Sutcliffe na G. Petersen walifanya kazi ya aina hiyo kwa kipindi kirefu, wakitoa mfululizo uliosahihishwa wa kina cha asili cha ziwa. Mstari wa kilichotokea na mstari wa ambacho kingetokea ikiwa na kipimo kimoja na sifuri moja, nafasi kati yao hurudia kuwa na maana kama ile ya Playfair, na unaweza kuipima kwa rula: sentimita za ziwa zilizopita kwenye mitambo.

Mwaka huohuo wa 2007 Mto Simiyu nao uliingia kwenye vitabu vya uigaji. Julius Rwetabula, F. De Smedt na M. Rebhun walichapisha matokeo ya kuuiga mto huo kwa programu ya WetSpa. Simiyu huanzia uwanda wa Serengeti, huungana na Duma, na hupita chini ya daraja la barabara kuu ya Mwanza na Musoma wilayani Magu kabla ya kumwagika ziwani. Bonde lake lina kilomita za mraba karibu 11,000. Kiangazi hubaki mkondo mwembamba kati ya mchanga. Mvua zikinyesha juu, daraja huona gharika ndani ya muda mfupi. Mto wa namna hiyo ni mgumu kuuchora, maana siku tano za gharika hubeba maji mengi kuliko miezi ya kiangazi, na ukitumia kipimo cha kawaida kiangazi chote hulala kwenye mhimili. Wataalamu wa maji wana desturi ya kale inayofaa hapa. Mvua huchorwa kama nguzo zinazoning'inia kutoka ukingo wa juu wa grafu, mhimili wake ukisomwa kwenda chini, na mtiririko huinuka kutoka ukingo wa chini. Vitu viwili vyenye vipimo viwili hukaa kwenye nafasi moja na havigusani, na hakuna anayedanganyika kulinganisha urefu wa nguzo na urefu wa mstari, kwa sababu vinaelekea pande tofauti. Mtiririko uliopimwa na ule ulioigwa, kwa kuwa ni kitu kimoja kwa kipimo kimoja, hupewa mhimili mmoja. Kwa kiangazi hutumika kipimo cha logarithimu, ambacho hupanua namba ndogo na kubana kubwa. Fundi wa saketi hukitumia kipimo hichohicho kwa mwitikio wa kichujio, na desturi ya kuning'iniza ishara moja kutoka juu ingemfaa vilevile kwa mapigo ya saa ya saketi za kidijitali, ingawa programu nyingi za saketi haziitoi ikiwa tayari.

Mstari mpya kabisa wa ziwa hautoki ufukweni. Setilaiti ya TOPEX/Poseidon ilirushwa Agosti 1992, ikafuatiwa na Jason-1 mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008 na Jason-3 mwaka 2016, na kila baada ya siku 10 hivi zimekuwa zikipita juu ya maji na kupima umbali kwa mapigo ya rada. Setilaiti haijui sifuri ya Jinja. Hupima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, kwa hiyo mstari wake huja ukiwa mbali na ule wa ubao, na kila setilaiti mpya huja na hitilafu yake ndogo dhidi ya iliyotangulia. Kwa sababu hiyo setilaiti mbili huruka kwa kufuatana juu ya njia moja kwa miezi kadhaa ili tofauti yao ijulikane, kisha mistari yao huunganishwa. Baada ya kusahihishwa, mstari wa angani na mstari wa ubao hupishana kwa sentimita chache tu. Yote miwili ilionyesha kupanda kwa zaidi ya mita moja na nusu kulikoletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, kushuka kwa 2006, na kupanda kulikoanza mwishoni mwa 2019. Mei 2020 ubao wa Jinja ulisomeka mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964, na maji yakaingia tena kwenye mashamba na makazi ya mwambao wa kusini. Tofauti kati ya vilele hivyo viwili vilivyopishana kwa miaka 56 ni ndogo kuliko mwendo ambao ubao mmoja unaweza kuzama kwenye tope katika kipindi hicho. Kwa hiyo, kabla ya kuchorwa kwenye mhimili mmoja, vipimo vya 1964 na vya 2020 huhitaji kwanza kuchunguzwa kwa grafu ya tofauti, Jinja dhidi ya Entebbe, Kisumu na Mwanza.